Mshale wa Penseli

Kabla ya picha, jumba hili la Mbaraki
lilikuwa kiwanda cha barafu.
Sakafu bado hutoa jasho;
naipangusa kwa leso kuukuu
kabla wageni hawajaja kustaajabu.

Kule ukumbi wa pili
kuna picha imetundikwa kichwa chini,
mwaka wa kumi na moja huu.
Mshale uko nyuma, kwa penseli: juu ni huku.
Nimeuona mimi, na panya wa ghalani.
Wasomi wameiandikia kitabu.

Juzi mchoraji mwenyewe alikuja,
Bi Mwanatumu wa Kibokoni, akiburura mguu.
Akaitazama. Akainamisha shingo. Akakohoa.
"Ala! Hivi ndivyo nilivyoitaka,
mkono ukakataa."

Sikujibu.
Usiku nikaishusha ukutani,
kifutio mfukoni.