Kundi la Saa Nne

Watu sita, tiketi sita, mwavuli mmoja
unachuruzika mlangoni.
Nikaanza kama ninavyoanza miaka tisa sasa:
karibuni, msiguse,
picha ruksa, ila zimeni mwanga.

Mama wa Upanga aliuliza choo kiko wapi.
Wanafunzi wawili waliandika hata nilipokohoa.
Tukafika kwenye kinyago cha mpingo,
mwanamke na mtungi,
nami nikakariri kibao:
Newala, labda. Msanii hajulikani.

"Naomba nizunguke nyuma."
Ni Likumbage, fundi vitanda wa Keko,
vumbi la mninga bado limo kwenye nyusi.
Akachuchumaa, akafumba jicho moja
kama anayekagua ubao uliopinda,
mikono kaifungia mgongoni, isije ikamponza.

Pangaboi likakata hewa, likakata.

"Huyu," akasema, "alikuwa mashoto.
Tazama patasi ilivyolala.
Na hapa, kwenye kisigino, alichoka,
au aliitwa kula."

Miaka tisa naupangusa uso ule vumbi;
kisogo sijawahi kukiona.
Mama wa Upanga naye akainama, choo kakisahau.

Saa sita likaja kundi jingine, familia ya Tabata.
Nikasema: msanii hajulikani.
Nikameza mate.
Ila alichongea mkono wa kushoto.

Mtoto wao akamtupia mama yake jicho,
kisha, polepole,
akahamisha kalamu.