Nati Moja Bado

Nilianza na henga ya koti la mama,
ile ya waya mwembamba, kutoka kabati
ambalo Tudur hakulitaka wala hakutaka nilichukue.
Nikaikunja ijaribu njia kwa niaba ya shaba:
kutoka silinda kuu, chini ya miguu ya dereva,
kisha ubavuni mwa chesisi hadi nyuma.
Waya ukikosea hupotezi kitu.

Nje, Blaenau inanyesha kama kawaida yake,
mvua juu ya mapaa ya mawe, juu ya vifusi vya mawe,
mji mzima una rangi ya mtu aliyenyimwa usingizi.
Ndani, hita moja,
na gari langu lisilo na bodi, juu ya vigogo vinne,
kama ng'ombe anayesubiri kukamuliwa.
Lilikuja kwa masanduku kumi na manne.
Kuhusu breki, kijitabu kina sentensi moja:
"Pitisha mirija panapofaa."

Panapofaa!
Si karibu na ekzosi, mafuta yatachemka.
Si chini ya chesisi, jiwe la barabarani halina adabu.
Si kando ya propela bila klipu;
kinachozunguka hakimjui mwenyewe.
Klipu kila shubiri,
na pale mrija unapopenya bati, pete ya mpira,
la sivyo bati litausaga polepole,
miaka miwili, mitatu, bila kelele,
mpaka siku ya mteremko.

Basi nikakata. Nikakunja kwa vidole gumba,
nikiizungusha shaba kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.
Nikapanua mdomo wa mrija, ukatoka mzuri,
duara, mng'avu, kikombe cha mwanasesere.
Nikaubusu, Mungu anisamehe.
Kisha nikaiona nati
imekaa juu ya benchi, inanitazama.
Nilikuwa sijaivisha.

Nilicheka peke yangu.
Mara ya pili sikucheka.

Shaba ina tabia: mkunjo wa kwanza inakupa bure.
Unyoshe, uukunje tena palepale,
inakuwa ngumu, inaweka kinyongo.
Mara ya tatu inapasuka.
Mrija wa nyuma nilioukosea sikuubembeleza,
nilikata mwingine.
(Na sisi, Tudur, tulinyoshana mara ngapi
kwa ajili ya ile nyumba?)

Jumapili ya nne kila kitu kimefungwa,
ila upepo umo ndani ya mirija,
na upepo hautolewi na mtu mmoja:
huyu akanyage, yule alale chini na spana.
Mume sina. Jirani Hefin, goti lake bovu.
Nikapiga simu niliyokuwa sijaipiga miaka mitatu.
Akasema, "Saa ngapi?"

Alikuja na viatu vya kanisani.
Akaiona henga ukutani, imekunjwa njia nzima ya gari,
akaitazama kwa muda mrefu kuliko waya unavyostahili.
Akapanda, akakaa kwenye ubao uliokuwa kiti.

"Kanyaga."
"Nimeshika."
Nikafungua robo mzunguko.
Mapovu yakakimbilia chupa ya jemu.
Nikafunga. "Achia."

Gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali kuliko yote,
kisha la kulia, kisha ya mbele.
Kanyaga. Nimeshika. Achia.
Saa nzima hatukuwa na maneno mengine.
Pedali iliyokuwa ikizama kama mguu topeni
ikaanza kukataa. Kidogo. Kisha kwa msimamo.

Tudur akashuka, akapiga magoti na suruali yake nzuri,
akaufuata mrija kwa kidole.
"Kwa nini umezungusha huku kote?"
"Kukwepa moto."
"Njia ndefu."
"Ndiyo."

Usiku nilitandika gazeti chini ya kila kiungo.
Asubuhi yote makavu, ila moja:
doa dogo, ukubwa wa dengu.
Nikachukua spana.
Nikaiweka chini, nikachukua simu.