Nafasi ya Vidole Viwili

Sæbjørn mfagia dohani aliingia na brashi begani,
akavua buti mlangoni, soksi moja imetoboka,
wala hakulitazama jiko.
Alikwenda nyuma yake, akauwekea ukuta kiganja
kama apimaye homa ya mtoto,
akahesabu. Alipofika sita akauondoa mkono.
"Sita," akasema. "Ningependa thelathini."

Kisha akanieleza, polepole, kama aletaye habari za msiba:
mbao ikiokwa kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi,
hujifunza kuwaka.
Haingoji tena ulimi wa moto. Joto tu huitosha,
usiku mmoja wa Januari, watu wamelala.

Alipoondoka nilichukua kisu cha kukwangulia.

Juu kabisa, kitambaa cha mama,
alichokitarizi majira ya baridi aliyonibeba tumboni:
kulungu wawili, msonobari mmoja, na maneno
*Heri nyumba yenye moto.*
Kilitundikwa pale kuficha doa.
Nilipokigeuza, mgongo wake ulikuwa rangi ya chai ya rangi,
na uzi wa kulungu wa kushoto ukavunjika mkononi mwangu
kama jani kavu.

Chini yake karatasi ya mawaridi, ya mwaka tulionunua televisheni.
Doa limepenya.
Chini ya mawaridi, mistari ya kijani ya bibi Olaug.
Doa limepenya.
Chini ya mistari, magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa unga,
bei za nguruwe, tangazo la dawa ya meno,
kisha mbao tupu, na juu yake jiko lenyewe, jeusi,
mabega yake, shingo ya bomba,
kana kwamba lilisimama pale kupigwa picha
na picha ikachukua miaka tisini kusafishwa.

Wanawake watatu wenye mikono mizuri.
Kila aliyeliona doa, alilipamba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nalijua hilo.
Ila huu tuliuziba mno,
gundi juu ya gundi, ua juu ya ua,
hata ukakosa pa kupumulia.

Mbao tatu zilizoungua nilizing'oa, nikazitupa nje thelujini.
Sikuzitia jikoni. Niliona haya.

Tormod aliniuzia bati la shaba
alilolibandua paa la kiwanda cha maziwa kilichofungwa.
Kona moja imebonyea. Ningeweza kuinyoosha.
Skrubu nne ndefu, na kwenye kila skrubu
kikombe cha kauri cha uzio wa umeme wa ng'ombe,
ili shaba isimame mbele ya ukuta bila kuugusa,
chini wazi, juu wazi,
nafasi ya vidole viwili.
Majirani husifu shaba, jinsi inavyoushika moto na kuugawa chumbani.
Hawajui kuwa mlinzi ni ile hewa ya nyuma,
inayoingia baridi na kutoka moto,
isiyotarizika.

Jumapili nilimtembelea mama kwenye nyumba ya wazee.
"Kitambaa changu kipo?"
"Kipo."
"Nyuma ya jiko?"
Nikakawia. "Dirishani, mama. Kulungu wanaitazama theluji."
Alikunja blanketi magotini, akalikunjua.
"Pale palikuwa pamoto," akasema.
"Ulijua?"
"Nikitoka kukamua, vidole vimeganda,
nilivipitisha chini ya kitambaa.
Nyote mlikuwa mmelala. Ukuta ule
ulikuwa kitu pekee nyumbani
ambacho hakikuniuliza chochote."

Usiku nilitia kuni za birchi, tatu, kavu.
Shaba ikanguruma kidogo, ikatulia.
Niliweka kiganja ukutani nikahesabu.
Thelathini. Arobaini. Ukuta baridi, salama,
kama ukuta wa watu wengine.
Nilifika themanini.
Mkono nikauacha palepale.