Bahari ya Juzi

Hapa Horton, kusini mwa Wales,
kuna ufuo uliosahauliwa ukutani:
makome na kokoto vimegandana kama ukoko wa wali
kwenye kimo ambacho bahari ya leo haikifikii
hata Januari ikiitia hasira.

Non Prosser ananiambia nishike rula,
nisitikisike. Upepo unatikisika kwa niaba yangu.
"Miaka laki moja na elfu ishirini na tano," anasema,
kama anayetaja tarehe ya harusi ya shangazi.
Dunia ilikuwa na joto lililozidi hili kidogo tu,
na kule London viboko waliogelea mto Thames.
Nacheka. Nimevuka bara na bara
kuja kuhadithiwa habari za viboko.

Kwetu husemwa mavi ya kale hayanuki.
Nainama, nanusa: chumvi, mwani, chokaa.
Yananuka.

Non ana watabiri hamsini ndani ya kompyuta,
kila mmoja na bahari yake ya mwisho wa karne,
huyu ya magotini, yule ya shingoni.
Hawaulizi ya kesho kwanza. Huwauliza ya juzi:
mlikuwa wapi maji yalipofika hapa?
Asiyeweza kuulowesha mwamba huu
hupunguziwa sauti barazani.

Lakini mwamba nao ni shahidi mwenye kuyumba.
Barafu iliwahi kuilalia nchi hii
kama mgeni mnene juu ya godoro;
kaondoka zamani, godoro bado linajinyoosha,
hapa linapanda, pale linashuka,
nasi twatoa, twajumlisha, twafuta.
Na joto lile lilitokana na mwinamo wa dunia,
si moshi wa mtu.
Juzi si pacha wa kesho. Ni binamu.

Emlyn Beynon anapaka rangi lango lake
chini ya njia. Ametuona tukishuka.
"Haya, kiasi gani?"
Non anampa namba mbili, ya chini na ya juu.
Nafasi iliyo kati yake imepungua
kwa upana wa kiganja tangu tuanze.
Kiganja kimoja,
kwa miaka minne ya magoti yangu.

Emlyn anaitazama mikono ya Non iliyopima hewa,
kisha lango,
kisha anachovya brashi tena.

"Na wale viboko wenu," anauliza,
"nao watarudi?"