Mpishi wa Nzi

Saa kumi na moja alfajiri nabandika sufuria:
maji lita ishirini, unga wa mahindi,
sukari guru, hamira, unga wa mwani wa kugandisha.
Mjukuu wangu akiniuliza kazi yangu chuoni
humwambia, napika uji. Wa nani? Wa nzi.
Hucheka mpaka kwikwi ikamshika.

Wako ghorofa ya tatu, Jengo la Biolojia,
kila mmoja na kichupa chake, kizibo cha pamba.
Katika chuo hiki cha wanafunzi elfu arobaini
hakuna anayelishwa kwa wakati kama wao.

Kalina anachunguza usingizi.
Alinieleza, nikaelewa, si jambo gumu:
nzi asipotikisika dakika tano, amelala.
Dakika nne na nusu hazihesabiwi.
Na ipo mashine, naichukia,
inayowatikisa usiku kucha wasilale
ijulikane kesho yake mwili utadai nini.

Deni, anasema Kalina. Usingizi ni deni.
Anasema hivyo ndani ya sweta la juzi,
vikombe vitano vya kahawa vimejipanga dirishani,
na mezani simu inatetemeka: Profesa Radomir,
yuko mkutanoni Ureno, anaulizia grafu ya nne.
Inatetemeka tena.
Naitazama mashine. Naitazama simu.

Mwezi Machi nilimshika mkono tukaenda kwa mshauri,
mlango wenye picha ya jua.
Binti wa mapokezi alikuwa mwema. Alitafuta kwenye kompyuta,
akatafuta tena. Nafasi ya kwanza: wiki ya saba.
Akatupa kijitabu. *Vuta pumzi. Kunywa maji. Tembea.*
Kalina alikisoma njiani kwa sauti ya mtangazaji wa redio,
tukacheka sana,
kisha nikawa nacheka peke yangu.

Nzi kufia juu ya kidonda si haramu, watu husema.
Wasemao hawajawahi kufagia nzi.

Mei ikaja na sikukuu ya wanafunzi.
Meya aliwakabidhi ufunguo wa mji,
wa mbao, mkubwa kama mlango wa kabati,
na kwa siku tatu Poznań ikawa yao.
Wahandisi walisukuma kitanda chenye injini,
wanasheria walimshtaki kuku.
Sisi wa Biolojia tulitengeneza nzi: mwili wa waya,
mabawa ya nailoni, macho mabeseni mawili mekundu,
miguu sita, kila mguu na mtu wake.
Asubuhi hiyo Bogumił, mguu wa sita, akaamka na homa.

Nikaingia maabara na aproni yangu.
Kalina, nzi wetu kilema.
Nina grafu, akasema.
Grafu ina miguu mingapi?
Hakujibu. Nikaichukua simu nikaitia mfukoni.

Walizunguka mji saa tatu, nzi akichechemea,
maana Kalina ni mfupi na wenzake ni milingoti.
Watoto walimrushia makombo ya keki.
Saa kumi wakamtua kwenye nyasi za maktaba,
kati ya moshi wa soseji na tarumbeta za kitivo cha muziki.
Navua viatu tu, akasema Kalina,
akakaa chini ya bawa.

Mimi nilikuwa benchi la karibu,
simu ikipapatika kwenye aproni kama kitu kinachotaka kutoka.
Nikatazama saa ya mnara.
Dakika moja. Mbili.
Ya tatu akakunja kidole; nikaanza upya.
Mtu alipiga tarumbeta kama anafukuza ng'ombe.
Nne.
Nne na nusu, ambazo hazihesabiwi.
Tano.

Nzi wa kweli, asiye na chupa wala namba,
akatua gotini pake, akasugua mikono
kama mgeni anayesubiri kukaribishwa chakula.
Sikumfukuza.
Nilikuwa na uji wa kesho wa kufikiria,
na tayari nilikuwa dakika ya kumi na moja.