Ukwaju ni Bure

Elfu moja na mia nane, simu yaniambia,
zimetoka saa nne usiku, nikikaanga karai la mwisho
hapa pembeni mwa Guraya.
Namba ya siri Shali aijua; ndiye aliyeniwekea.
Kiazi kumi. Hesabu mwenyewe:
viazi mia na themanini,
na moshi wote ulionipita machoni.

"Ni nyongeza, mama," asema, hainui uso.
Nyongeza ya nini? Mchezo si ulinunuliwa Idi,
tukaambiwa huo ndio mzima?
"Mzima, ila haujakamilika."

Mwanangu, mimi huuza viazi.
Mteja hulipia kiazi, ukwaju hujimiminia,
na pilipili, na akitaka tena simtazami mkono.
Sijamwambia mtu: ganda ndilo hili,
ukitaka na ndani yake rudi Ijumaa na pesa nyengine.
Ningesemwa hadi Kibokoni.

Na hicho ulichonunua, nipe nikishike.
Hakina mfuko. Hakina hata karatasi ya kufungia bajia.
Ukikichoka huwezi kumpa Fadhila wa chini,
huwezi hata kukivunja.

Akanionyesha. Barabara.
Elfu moja na mia nane, barabara!
Ya mlimani, ina theluji,
na hii yetu ina shimo tangu masika ya juzi
na hakuna anayetuuzia kiraka.

Kisha pembeni mwa kioo likawaka gari jekundu,
na sauti ikatoka, ikikwaruza, ikichelewa kidogo:
"Shali, umeingia? Wiki mbili nakungoja juu huku."

Mahfudh wangu.
Aliinunua huko Doha, baada ya zamu ya lango,
na mwenye mchezo ana sheria yake:
aso nyongeza hapandi mlima.
Wiki mbili ndugu wawili,
mmoja juu, mmoja chini.

Sikusema ni rahisi. Sisemi hata sasa.
Aliyekata barabara vipande akaiuza kwa mafungu
ajua afanyalo, na mimi mchuuzi mwenzake namjua:
huanza kwa kuchungua
ni kipande gani mtu hawezi kukikosa.

Lakini niliifudikiza ndoo, nikakaa.
"Mwambie mama yuko hapa."
"Mama? Umekula?"
"Viazi vilivyobaki."
"Na ukwaju?"
Nikamsikia akimeza mate kule kule.
Theluji ikaanguka juu ya magari mawili
yaliyosimama ubavu kwa ubavu, hayashindani,
na saa ya mashindano ikienda bure.

Kesho yake Feisal alinunua viazi vitano.
Akamimina ukwaju. Akamimina tena.
Mkono wangu ukaiendea chupa,
ukafika,
ukarudi.