Mpini

Chumba hakina dirisha. Kina kiyoyozi
kinachokohoa kama mgeni aliyechoka kubisha hodi.
Kahawa imepoa kikombeni,
na afisa, dishdasha yake imenyooshwa hadi inaumiza macho,
anafungua faili lenye jina langu lote:
Thuraiya binti Nasibu bin Khalfan,
mfasiri wa Kiswahili, daraja la nne,
anaomba kupanda ghorofa ya tano,
kule ambako karatasi huingia na hazitoki.

"Unadaiwa?"

Hakuuliza habari za nyumbani.
Hakuhitaji hata jibu langu, benki imeshamjibu:
riyali elfu sita mia mbili na arubaini.
Gari si langu. Sahihi ni yangu.

Niliitia Ruwi, adhuhuri ya mwezi wa saba,
lami inanata viatuni,
Hilali kanishika kiwiko:
*jina tu, dada, jina halina uzito.*
Gari likenda Sohar, likenda Buraimi,
likarudi limebebwa na gari jingine.
Jina langu halijarudi mpaka leo.

Mama husema, kukopa harusi, kulipa matanga.
Mimi harusi yenyewe sikuiona.
Nimeitwa matangani moja kwa moja.

Afisa hana ukali. Anaeleza taratibu,
kama daktari anayemwonesha mgonjwa picha ya mfupa:
"Mwenye deni ana mpini, bibi.
Yeye hajui umeota wapi mwilini mwake,
lakini yuko mtu anaujua.
Atakuja siku moja, mtu wa adabu, ananukia udi,
atalipa ada ya mwanao, hatataka kitu.
Mwezi wa pili hatataka kitu.
Mwezi wa tatu atataka karatasi moja."
Akainua kidole.
"Moja tu."

Nikamsikiliza, na mkono wangu, bila ruhusa yangu,
ukapanda shingoni kutafuta.

Ningemwambia kuwa mpini wangu ni mkongwe kuliko faili hili.
Bangili nne za mama, ziliuzwa Bujumbura
mwaka tulioondoka, kwa tiketi tatu na nusu.
Nusu ilikuwa Hilali.
Hakuna benki iliyoandika hilo.
Hakuna tarehe ya mwisho, hakuna riba, hakuna risiti,
na hakuna usiku niliolala nikiwa nimelimaliza.

"Kuna jingine ambalo hatulioni hapa?"

"Lipo," nikasema.
"Dukani kwa Koya, Al Khoudh, nyuma ya msikiti.
Daftari la jalada la buluu.
Riyali kumi na moja na baisa mia nne:
maziwa, mkate, panadoli, betri za rimoti."

Kalamu ikasimama hewani.
Nilidhani atacheka.
"Koya," akasema, "kwa kafu au kwa qafu?"
"Kwa kafu."
Akaandika.

Tutakupigia, akasema, na mlango ukajifunga nyuma yangu
bila sauti, kama milango yote ya jengo lile.

Magharibi ilinikuta kwa Koya.
Akalamba kidole, akafunua kurasa, akanipata
baina ya fundi wa mabomba na mwalimu wa Kimisri,
akapitisha mstari mmoja juu yangu, kisha wa pili.
"Haraka ya nini, mama Thuraiya? Nani kakudai?"
Nikamwambia, serikali.
Akacheka mpaka akaketi juu ya gunia la mchele.
Mimi nilikuwa nasema kweli.

Nje simu ikatetemeka.
Hilali: *Dada, una thelathini? Mpaka tarehe ishirini na tano tu.*
Nikasimama chini ya taa ya duka,
vipepeo vya usiku vikijigonga kwenye kioo,
nikaisoma mara mbili, nikahesabu kilichobaki pochini,
nikaziona bangili mkononi mwa mama kama zilivyokuwa,
zinagongana akikoroga uji.

Nimempelekea kumi.
Wakinipigia, hilo nalo nitalisema.